Kiporo Si Aibu: Historia ya Chakula cha Usiku katika Majiko Yetu ya Visiwani



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachowapa taabu maharusi wengi: kiporo. Mwari ametoka fungate, ameingia jikoni kwake, mchana amepika wali na mchuzi wa samaki, na watu wawili hawawezi kumaliza sufuria nzima. Jioni inafika. Akipasha kile cha mchana anaogopa mume atamuona mvivu. Wifi akitokea ghafla anaogopa kusemwa kuwa "nyumba ile wanakula viporo." Basi wali unamwagwa, kipande cha samaki anapewa paka, na vinakatwa vitunguu vipya kwa chakula kipya. Mwezi haujafika katikati, pesa ya matumizi imekwisha, na hapo ndipo maneno yanapoanza ndani ya nyumba.

Aibu hii tunaibeba kana kwamba tumeirithi kwa mabibi zetu, au kana kwamba dini imetufundisha hivyo. Tukirudi nyuma na kutazama historia ya chakula chetu tutaona kuwa si kweli. Chakula cha usiku kilichotengenezwa kwa kilichobaki ni cha zamani na cha heshima. Aibu ndiyo mgeni, na tunaweza kuona ilipoingilia.

Maneno yenyewe yanatufundisha

Tuanze na lugha yetu. Wazee wetu hawakuviita vitu vyote vilivyobaki kwa jina moja.

Makombo ni mabaki yaliyokwisha liwa: kilichobaki kwenye sahani baada ya mikono ya watu. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, hakijaguswa na mlaji, kikahifadhiwa. Mwiku ni kile cha usiku kinacholiwa asubuhi yake. Ukoko ni ule wali ulioshika chini ya chungu, ambao watoto wanaugombania mpaka leo. Na yapo masazo, kutokana na kusaza, yaani kula na kubakisha. Tunapotaka kusema mtu amejaaliwa riziki ya kutosha, tunasema anakula na kusaza.

Tazama basi. Kusaza ni alama ya neema, na kiporo ni neema iliyotunzwa. Ni makombo peke yake yenye kasoro, na hata hayo yana wenyewe, kwa kuwa kuku na paka nao wanakula. Aliyeita kiporo makombo amechanganya vitu viwili ambavyo bibi zetu walivitenganisha kwa makusudi.

Jiko la nyumba ya Mtume (S.A.W.)

Kabla ya kuja visiwani, tupite Madina, kwa sababu huko ndiko tunakochukua mfano wa nyumba.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hakuna ila siki. Akaitaka hiyo siki, akala nayo mkate huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Hakuuliza kwa nini hakuna kingine. Alikula kilichokuwepo, na aliyemuandalia akasikia maneno mazuri.

Katika Sahih Bukhari, Mama Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya kuweka nyama ya udhhiya. Alieleza kuwa katazo la kuiweka zaidi ya siku tatu lilikuwa la mwaka mmoja ambao watu walikuwa na njaa, ili wenye nacho wawalishe wasio nacho. Kisha akasema kuwa wao walikuwa wakiweka makongoro na kuyala baada ya siku kumi na tano. Alipoulizwa ni kitu gani kilichowalazimisha, alicheka, akaeleza kuwa nyumba ile haikupata kushiba mkate wa ngano na kitoweo siku tatu mfululizo mpaka Mtume (S.A.W.) alipofariki. Nakipenda kile kicheko. Mama wa Waumini hakuona haya kusimulia kongoro la siku kumi na tano.

Imo pia hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A.) juu ya mwanamke mmoja wa Madina. Kila Ijumaa alichukua mizizi ya mboga aliyoipanda, akaitia chunguni pamoja na konzi ya shayiri. Hakikuwa na mafuta. Masahaba walikuwa wakitoka kwenye sala ya Ijumaa wanapita kwake kumsalimia, anawapakulia, na waliifurahia Ijumaa kwa ajili ya chakula kile. Konzi ya shayiri na mizizi ya mboga, na mpaka leo anatajwa katika vitabu.

Na tharid tunaijua sote: mkate uliovunjwavunjwa ukaloweshwa kwenye supu ya nyama. Hata mkate mkavu unafaa, kwa sababu supu inaulainisha. Mtume (S.A.W.) alipotaka kueleza ubora wa Aisha juu ya wanawake wengine, aliufananisha na ubora wa tharid juu ya vyakula vingine. Chapati za jana ukizikatakata ukazitia kwenye mchuzi wa nyama, uko karibu sana na sahani hiyo.

Wali ulivyofika kwetu

Sasa turudi nyumbani. Tunauona wali kama chakula chetu cha tangu na tangu, lakini haukuwa hivyo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi kaskazini mwa Pemba, Tumbe na Chwaka ya huko huko Pemba, walizichunguza punje zilizoungua zikabaki ardhini. Tumbe, mji uliostawi kabla ya mwaka 1000, watu walikula zaidi uwele. Chwaka, uliofuata baada ya hapo na ambao una magofu ya misikiti, mchele ndio ulioongezeka. Watafiti wameyahusisha mabadiliko haya na kukua kwa miji, kuenea kwa Uislamu na karamu za kulishana. Yaani tangu mwanzo wali kwetu ulikuwa chakula cha kukusanya watu.

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alieleza chakula alichokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli kwenye sahani kubwa ya mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni zilikuwepo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Ukiisoma sahani ile kwa jicho la mpishi utaona kitu. Vitoweo vile ni kidogo kidogo vya vitu vingi, na achari ni malimau ya msimu uliopita yaliyotiwa chumvi yasipotee. Karamu ya mfalme nayo ilisimama juu ya kazi ya kuhifadhi.

Baadaye, Wareno walipoingia Bahari ya Hindi, mazao ya Amerika yakaanza kufika: muhogo, mahindi, pilipili kali. Pemba wakati huo ilikuwa ghala, mchele wake ukipelekwa mpaka Mombasa. Muhogo ukawa mkombozi wa wenye mashamba madogo, kwa kuwa unaweza kuuacha ardhini ukauchimba siku unapouhitaji.

Karafuu ilipobadilisha sahani

Hapa ndipo aibu ilipopata mlango. Sayyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja katika miaka ya 1830, karafuu ilichukua ardhi. Mashamba yaliyokuwa ya mpunga na vyakula yakapandwa mikarafuu, na visiwa vilivyokuwa vikiuza mchele vikaanza kuununua kutoka ng'ambo, hasa India. Mchele ukawa kitu cha pesa.

Katika mashamba hayo waliofanya kazi ni watumwa, na chakula chao kikuu kilikuwa muhogo waliojilimia wenyewe kwenye vijisehemu walivyopewa. Katika nyumba kubwa za mjini waliosimama mbele ya moto walikuwa watumwa vilevile, wengi wao wanawake. Polepole sahani ikageuka kipimo cha cheo. Wali mweupe uliopikwa sasa hivi ukawa ishara ya muungwana. Muhogo, na kile kilichobaki baada ya wakubwa kula, vikawa ishara ya mtu wa chini. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini kipimo kile hakikufutwa na sheria. Nionavyo mimi, tunapoona haya kupasha wali wa mchana, ni kipimo hicho cha zamani kinachosema ndani yetu. Dini haikukileta, na hakitustahili.

Miaka ambayo hakuna aliyemwaga

Mara mbili katika karne iliyopita visiwa vyetu vilifundishwa upya thamani ya kibaba.

Mara ya kwanza ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia. Zanzibar wakati huo ilitegemea sana mchele wa Burma. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele ule ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgao, na mgao wenyewe ukafuata kabila: Waarabu na Wahindi wakawekewa mchele, Waafrika wakaelekezwa kwenye unga wa mahindi. Chakula kikatumika kuwagawa watu, na machungu yake yalibaki muda mrefu baada ya vita. Jikoni, kina mama wa kila kabila walifanya hesabu ile ile: kidogo kiongezwe na muhogo, ndizi, viazi vitamu au kisamvu, kifike kwa wote.

Mara ya pili ni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ilipunguza uagizaji wa mchele, unga na sukari, ikitaka visiwa vijitegemee kwa chakula. Mama na bibi zetu wengi wanazikumbuka foleni za miaka ile. Waulize watakwambia: muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi mchana, na ukibaki, unapondwa au unakaangwa usiku. Hakuna aliyeuliza kama ni kiporo. Hali ililegea mwaka 1984, wakati wa uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi hapa Zanzibar, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa tena.

Watoto waliokulia baada ya hapo hawakuiona foleni. Mchele upo, friji ipo. Lakini hata friji ilitupa somo lake. Mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikatikiwa umeme kwa karibu mwezi mzima, kwa hitilafu katika njia inayouleta kutoka Bara. Ikatokea tena Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Nyama ya friza haikuwa na pa kukaa. Waliopata nafuu ni wale waliokuwa bado wanajua mambo ya kizamani: samaki apasuliwe, atiwe chumvi na aanikwe awe ng'onda, nyama ichemshwe kwa ndimu na chumvi mpaka ikauke maji, nazi ikunwe ya mlo mmoja tu, kwa sababu tui ndilo la kwanza kuchacha, chakula kipikwe kwa kipimo na kinachobaki kiliwe usiku uleule.

Usiku wa visiwani

Ukiutazama utaratibu wetu wa kila siku, utaona chakula cha usiku cha visiwani kwa desturi ni chepesi. Mlo mkubwa ni wa mchana. Usiku ni mkate au chapati na mchuzi uliobaki, chai ya maziwa, muhogo au ndizi, samaki wa kukaanga wa mchana. Kile ambacho mwari wa leo anakiona haya ndicho nyumba nyingi zimekuwa zikila kila usiku bila kukipa jina.

Na kipo kiporo kilichopanda cheo. Katlesi ni mbatata za kuchemsha na samaki au nyama kidogo, zikavingirishwa na kuchovywa kwenye yai. Jina tumelipata kwa Waingereza, na hakuna sinia la shughuli linalokamilika bila hizo. Boflo lililokauka linasagwa chenga za kutilia kababu. Wali uliobaki, konzi moja, wapishi wengi wanausaga pamoja na mchele ulioroweka wanapotengeneza mkate wa kumimina, ili uwe laini. Mgeni anasifu, wala hajui kuwa amekula wali wa jana.

Tupike cha leo

Kwa wewe bibi harusi, hiki hapa chakula cha usiku cha watu wawili. Chukua wali wa mchana, vipande viwili vya samaki wa kukaanga, tungule mbili, kitunguu maji kimoja, punje tatu za thomu, nusu kikombe cha tui, ndimu na pilipili mbichi.

Samaki mchambue miba, umuache vipande vikubwa. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kilainike, tia thomu, kisha tungule na bizari ya manjano kidogo. Tungule zikishavunjika tia tui, koroga pole pole lisikatike, chumvi kidogo kwa kuwa samaki ana yake. Samaki anaingia mwisho, dakika tano tu, halafu ndimu moto ukiwa umeshazimwa. Wali unyunyizie maji kwa vidole, ufunike, uweke juu ya moto mdogo mpaka utoe mvuke mzito. Kama ulibaki mchicha au bamia, utie kwenye mchuzi. Kwa dakika ishirini umemaliza, na hujanunua ila tungule.

Sasa la afya, na hili usilifanyie mzaha. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake zinastahimili kuchemka. Ukiuacha mezani kwenye joto letu kwa saa nyingi, vinatoa sumu ambayo haiondoki hata uupashe vipi. Kwa hiyo wali uliobaki utandaze kwenye sahani upoe haraka, na ndani ya saa moja au mbili uwe umeshaingia kwenye friji. Ule usiku huo au siku ya pili yake, upashe mara moja tu, na uwe wa moto mpaka katikati. Umeme ukiwa umekatika muda mrefu, au kitu kimechacha, au una shaka nacho, kiache. Kutunza chakula si kula kilichoharibika.

Na jambo jingine la adabu. Sahani ya jirani na sadaka ya masikini vitengwe chakula kikiwa kizima, kabla hatujala, kwa sababu Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqarah kukusudia kibaya na kukitoa. Kiporo ni chetu sisi wenye nyumba. Jirani mpelekee kile unachokipenda.

Neno kwa bibi harusi

Dada yangu, kabla hujaolewa utafundishwa mengi na somo wako: udi, asmini, mavazi, maneno mazuri. Muombe akufundishe na hili. Kisha mwambie mumeo mapema, kwa uwazi na kwa ucheshi, kuwa katika nyumba yenu hakimwagwi chakula. Mwanamume aliyekulia visiwani amekula mchuzi wa mchana kwa chapati usiku utoto wake wote, ila hakuna aliyemtajia jina lake. Na nyinyi mama wakwe na mawifi mnaonisoma, mkimkuta mwari anapasha chakula, msifuni. Anatunza pato la ndugu yenu.

Kitabu chetu kimetuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kufuta sahani kwa vidole, kwa kuwa hatujui baraka imo katika sehemu gani ya chakula. Huenda imo katika ile konzi ya wali unayotaka kuimwaga usiku huu.

Mwenyezi Mungu azibariki sufuria zetu, azijaalie nyumba za maharusi wetu utulivu na mapenzi, na atujaalie tule na kusaza kwa shukrani. Amin.